Jazz ya Kuanzia: Mannenberg au Kind of Blue? Na Ukivutwa na Kiswahili, Uhuru Afrika au Mwandishi?

Mji wa Tabora umelea Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz na Kiko Kids ya Salum Zahoro. Wenzetu wa Kigoma walikuwa na Lake Tanganyika Jazz. Kwa hiyo ukimwambia mtu wa Isevya au Ng'ambo kwamba unasikiliza jazz, atajua moja kwa moja kuwa ni dansi la zamani, na hana kosa. Sisi wachache tunaofuatilia ile nyingine, ya kina Miles Davis wa Marekani na Abdullah Ibrahim wa Afrika Kusini, tukikutana swali letu ni lile lile: "Wiki hii unasikiliza albamu gani?" Fundi redio ana yake, mwalimu ana yake, karani wa ghala la tumbaku naye ana yake na haambiliki.

Anayetukuta tukibishana huuliza jingine: mimi nianze na ipi? Bando lina mwisho, kadi ya simu imejaa video za harusi, na mtu anataka albamu moja tu ya kujaribia. Nitaweka nne mezani, mbili kwa mbili. Msimamo wangu nautoa mapema: kama masikio yako yamelelewa na dansi, anza na Mannenberg, hata kama kila unayemuuliza anakutajia Kind of Blue.

Mannenberg na Kind of Blue

Kind of Blue ya Miles Davis ilirekodiwa New York kwa siku 2, tarehe 2 Machi na 22 Aprili 1959, katika studio ya Columbia ambayo zamani ilikuwa kanisa. Ina vibao 5, dakika 45 na ushei. Tarumbeta ni la Miles mwenyewe. Saksafoni ni za John Coltrane na Cannonball Adderley. Piano ni ya Bill Evans, isipokuwa kibao cha pili alichopiga Wynton Kelly. Besi ni ya Paul Chambers na dramu ni za Jimmy Cobb. Ni miongoni mwa albamu za jazz zilizouzwa sana kuliko zote duniani, na ndiyo maana kila mtu anaitaja kwanza.

Mannenberg ilirekodiwa Cape Town mwaka 1974. Abdullah Ibrahim, ambaye kabla ya kusilimu alijulikana kama Dollar Brand, alikaa kwenye piano. Basil Coetzee alishika saksafoni ya tena (tenor), yenye sauti nzito, Robbie Jansen na Morris Goldberg wakashika za alto, za sauti ya juu zaidi, Paul Michaels akapiga besi na Monty Weber dramu. Albamu nzima ina vibao 2 tu, kimoja kila upande wa santuri, na haifiki nusu saa. Kibao chenyewe kilichobeba jina kinakwenda zaidi ya dakika 13 na kilipatikana kwa kujaribujaribu pale pale studioni, bila wimbo ulioandikwa kabla.

Ukizisikiliza zote mbili jioni moja, tofauti ya kwanza utakayoisikia ni mzunguko. Kwenye Mannenberg piano inazungusha mpangilio mfupi wa kodi, yaani sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, ule wa marabi, muziki wa dansi wa mitaa ya Afrika Kusini, na haiuachi. Unazunguka tena na tena, saksafoni zikipokezana juu yake. Mtu aliyezoea dansi anaifahamu kazi hiyo: ni ya gita la kati, linaloshikilia pale pale ili solo iende itakako. Hahitaji kufundishwa lolote. Dakika ya pili mguu umeshaanza.

Kind of Blue inafanya kinyume. Kwenye So What, kibao cha kwanza, kodi karibu zisimame kabisa. Wanakaa kwenye ngazi moja ya sauti kwa mapigo marefu, wanapanda nusu hatua kwa kitambo, kisha wanarudi walikotoka. Ndilo lililowashangaza wanamuziki wa wakati ule, waliozoea kodi kubadilika haraka haraka. Lakini msikilizaji mpya hana cha kushika. Hakuna kiitikio, hakuna chemko la kusubiri. Anayepiga solo anapewa uwanja mpana, na wewe unatakiwa umfuate yeye, si wimbo.

Niliwahi kuipiga kwenye kijiwe cha kahawa, mzee mmoja aliyewahi kucheza dansi la Nyanyembe akiwepo. Alisikiliza kwa adabu zote, kashata mkononi, mpaka uvumilivu ukamwisha.

"Mwanangu, mwimbaji anaingia saa ngapi?"

"Haingii, mzee. Wanapiga vyombo tu mpaka mwisho."

"Ahaa. Kumbe bado wako mazoezini."

Kijiwe kizima kilicheka, na ile albamu haikupona tena siku hiyo. Nilipoweka Mannenberg, ambayo nayo haina mwimbaji wa maana zaidi ya sauti za wanamuziki wakihimizana, hakuna aliyeuliza. Muuza kahawa, aliyekuwa akigonganisha vikombe kama kawaida yao, baada ya muda aliacha mgongano wake wa biashara akaanza kufuata dramu za Weber, cha-ka, cha-ka, bila kujua anafanya hivyo. Mzee aliuliza kitu kimoja tu: hawa ni watu wa wapi?

Swali zuri, kwa sababu mahali ndiyo nusu ya albamu ile. Mwaka 1966 serikali ya makaburu ilitangaza mtaa wa District Six, katikati ya Cape Town, kuwa wa Wazungu peke yao. Familia zilihamishwa kwa nguvu na kutupwa kwenye tambarare nje ya jiji, na Manenberg, kilichoipa albamu jina lake, ni kimoja cha vitongoji walikopelekwa. Miaka ya 1980, katika mikutano ya kupinga ubaguzi, Coetzee na Jansen walikipiga kibao hicho jukwaani, na watu wakakifanya kama wimbo wao wa taifa usio rasmi. Coetzee mwenyewe alibakia na jina la utani la Manenberg. Lakini angalia jambo hili: hakuna huzuni ya kulia ndani yake. Ni muziki wa kuchezeka kabisa. Wanaotafuta maombolezo watatoka mikono mitupu.

Sikiliza pia piano. Ile sauti ya chuma chuma, karibu na kinanda kilichochakaa, haitokani na rekodi mbovu. Nyundo za piano ile zilikuwa zimechomekwa pini, zile za kubandikia karatasi ubaoni, kwa hiyo kila nyundo ikigonga uzi inatoa mlio mkali. Ukiwa na spika nzuri kaa karibu nayo dakika ya kwanza kabla saksafoni hazijaingia, utausikia wazi.

Na hapa tunafika kwenye spika, ambayo kwa maoni yangu inaamua mambo mengi kuliko ladha. So What inaanza kwa piano na besi zikinong'ona, halafu besi ya Chambers ndiyo inayotoa wimbo. Naam, besi. Inauliza, na wengine wanaitikia kwa sauti mbili fupi, kwa mtindo ule ule wa kiongozi na waitikiaji tunaoujua ngomani. Sasa ipige kwenye spika ya simu. Besi haitoki, unabaki na waitikiaji bila kiongozi, "paa-da... paa-da...", na unajiuliza watu wazima hawa wanamwitikia nani. Nusu ya wanaoniambia Kind of Blue inasinzisha waliisikilizia simuni. Mannenberg haina udhaifu huo. Wimbo wake umebebwa na piano na saksafoni, na hata redio ndogo ya betri inaufikisha.

Ila tuseme haki. Mannenberg inakupa karibu kila kitu chake siku ya kwanza. Ukiisikiliza mara ya ishirini utafurahi vile vile, ila si rahisi kukuta jipya. Kind of Blue inafunguka pole pole. Kuna kibao cha tatu, Blue in Green, ambacho Cannonball hakupiga kabisa na Miles ameziba mdomo wa tarumbeta lake, sauti ikawa nyembamba. Mwanzoni nilikiruka kila mara. Sasa ndicho ninachokitafuta saa nne za usiku, bodaboda zikishapungua barabarani. Na kuwasikia Adderley na Coltrane wakifuatana kwenye kibao kimoja, mmoja akicheka na saksafoni yake na mwingine akihojiana na yake, ni elimu ya bure kwa yeyote anayepuliza.

Upande wa pili wa Mannenberg, The Pilgrim, ni mzuri. Sina la kuongeza. Wengi tunarudia ule wa kwanza.

Kwa mpiga gita kuna tahadhari moja juu ya Kind of Blue. Vibao 3 vilivyorekodiwa siku ya kwanza viliingia kwenye mashine iliyokuwa ikizunguka taratibu kidogo kuliko inavyotakiwa, kwa hiyo santuri za zamani zinavipiga haraka kidogo na sauti imepanda. Matoleo yaliyotoka tangu miaka ya 1990 yalisahihishwa. Ukijaribu kupiga gita sambamba na nakala ya zamani, nyuzi zako zitaonekana hazijakaa sawa wakati ziko sawa. Usizungushe vigingi ukakata uzi bure.

Uhuru Afrika na Mwandishi

Wapo wanaoingia jazz kwa mlango mwingine: wameona jina la Kiswahili juu ya albamu ya Mmarekani, wakashtuka. Majina hayo ni mengi kuliko watu wanavyodhani, hasa tangu mwisho wa miaka ya 1950, Afrika ilipokuwa ikijikomboa na Weusi wa Marekani wakidai haki zao. Mengi yamebandikwa tu juu, ndani hamna kitu chetu. Hizi mbili ni tofauti, ingawa kila moja kwa namna yake.

Uhuru Afrika ni ya mpiga piano Randy Weston, ilirekodiwa New York Novemba 1960, mwaka ambao nchi 17 za Afrika zilipata uhuru. Tanganyika ilikuwa bado. Sisi tulisubiri mpaka Desemba 1961. Mpangilio wa vyombo ulifanywa na Melba Liston, mwanamke aliyekuwa pia mpigaji hodari wa tromboni. Mshairi Langston Hughes aliandika maneno. Weston alitaka lugha ya Kiafrika isikike mwanzoni, na baada ya kushauriana na Waafrika waliokuwa Umoja wa Mataifa, ikachaguliwa Kiswahili. Aliyeyasoma maneno hayo ni Mtanganyika, Tuntemeke Sanga.

Kwa Mtanzania sehemu hiyo ina uzito wake wa pekee. Ngoma zinatangulia, halafu sauti ya mtu wa kwetu inaingia na Kiswahili kilichonyooka, cha hotuba, miezi kumi na tatu kabla bendera haijapandishwa Dar es Salaam. Niliwapigia vijana wawili wa sekondari bila kuwaambia ni nini. Mmoja alisema ni Redio Tanzania ya zamani. Nilipomwambia ni New York alibisha mpaka nikamwonyesha jalada.

Baada ya hapo inakuja bendi kubwa: Clark Terry na Freddie Hubbard kwenye tarumbeta, Yusef Lateef, Gigi Gryce, na safu ya wapiga ngoma na dramu akiwemo Babatunde Olatunji wa Nigeria, Candido wa Cuba na Max Roach. Sehemu ya pili, African Lady, inaimbwa kwa Kiingereza na Martha Flowers na Brock Peters. Ni sifa kwa mwanamke wa Kiafrika, na kwa masikio yangu imekaa kijukwaa mno, kama tamthilia. Naivumilia ili nifike Bantu, ambako ngoma zinaachiwa, na Kucheza Blues, ambayo jina lake linasema kila kitu. Serikali ya makaburu iliipiga marufuku albamu hii Afrika Kusini. Weka hilo pembeni ya habari za Mannenberg uone jinsi albamu mbili hizi zinavyotazamana.

Mwandishi ya mpiga piano Herbie Hancock ilirekodiwa San Francisco siku ya mwisho ya mwaka 1970, ikatoka 1971. Hapa Kiswahili hakisikiki hata neno moja. Kipo kwenye majina. Wanamuziki wote walijipa majina ya Kiswahili: Hancock akawa Mwandishi, mpiga besi Buster Williams akawa Mchezaji, mpiga dramu Billy Hart akawa Jabali, Julian Priester wa tromboni akawa Pepo Mtoto, Bennie Maupin akawa Mwile. Mpiga tarumbeta Eddie Henderson aliitwa Mganga, na huyo alistahili, maana ni daktari wa kweli aliyesomea udaktari. Leon Chancler, aliyeongeza dramu kwenye kibao cha kwanza, alibaki kuitwa Ndugu maisha yake yote.

Muziki wenyewe si wa mgeni. Vibao ni 3 kwa dakika karibu 45, na cha mwisho peke yake kinapita dakika 20. Piano ni ya umeme, sauti zimetiwa mwangwi, na mara nyingine vyombo vinaelea bila wimbo unaoweza kuuimba bafuni. Kinachokuokoa ni kibao cha kwanza, Ostinato, kilichotungwa kwa heshima ya Angela Davis, mwanaharakati Mweusi wa Marekani, ambaye wakati huo alikuwa mahabusu. Besi inashika mstari mmoja na kuurudia kuanzia mwanzo hadi mwisho. Jaribu kuhesabu: mapigo ni 15, si 16. Kila ukidhani umeshika, mzunguko unageuka mapema kidogo kabla mguu wako haujatua. Mpiga tumba mmoja wa hapa mjini alikaa nacho mchana mzima, akikosea na kucheka, mpaka akaacha kuhesabu na ndipo akakipata.

Kati ya hizi mbili, anayetaka kusikia Kiswahili na ngoma achukue Uhuru Afrika bila kusita. Mwandishi mpe mtu anayependa besi nzito na asiyeogopa kupotea dakika kumi njiani. Mimi mwenyewe naisikiliza Mwandishi mara nyingi zaidi, lakini sijawahi kumpa mgeni nikashukuriwa.

Vyombo na bando

Tuseme una sabufa, ile ya kichina yenye taa, na umezoea kupandisha besi mpaka mabati yanatetema. Kwa Mwandishi itakufaa, ila shusha kidogo. Mstari wa Ostinato ukirudiwa dakika 13 kwa besi ya juu, jirani atakuja kubisha hodi, na atakuwa na haki. Kwa Uhuru Afrika usipandishe besi kabisa, kwa sababu ngoma nyingi zitaunguruma zote pamoja na hutajua ipi ni ipi. Kind of Blue inataka besi ya wastani na ukimya wa chumba. Kama huna spika, tumia visikilizia sauti vya masikioni, hata vile vya bei ndogo; So What itaanza kueleweka siku hiyo hiyo.

Kuhusu bando, hesabu ni nyepesi. Kwa ubora wa kilobiti 128 kwa sekunde, dakika moja ya muziki inakula karibu MB 1. Mannenberg nzima basi haifiki MB 30, na Kind of Blue au Mwandishi ni kama MB 45. Ukichagua ubora wa kilobiti 320, zidisha mara mbili na nusu. Ukitazama kwa video wakati picha yenyewe ni jalada lililosimama, unachoma bando kwa kutazama ukuta. Pakua sauti mara moja wakati bando la usiku liko, uhifadhi.

Mtu akinisimamisha karibu na soko kuu na kutaka jibu la haraka, namuuliza mambo mawili tu: utasikiliza ukiwa unafanya kazi au umekaa? Na utasikilizia wapi? Fundi cherehani anayesikiliza huku anakanyaga mashine, Mannenberg. Mwanafunzi mwenye visikilizia sauti na usiku mrefu, Kind of Blue. Mwalimu wa historia, Uhuru Afrika, na awapigie wanafunzi ile sehemu ya Sanga wanapofika mada ya uhuru. Kijana anayetengeneza midundo kwenye kompyuta, Mwandishi, hata kama ataruka kibao cha katikati. Kuna wanaosema angewekwa Coltrane na A Love Supreme yake, iliyorekodiwa 1964. Ni albamu kubwa, ya ibada, na ndiyo maana simpi mtu anayeanza. Asubiri masikio yake yazoee saksafoni ya Coltrane kwanza kwenye Kind of Blue.

Unapoitafuta Mannenberg uwe macho. Marekani ilitoka kwa jina la Capetown Fringe, kwa hiyo ukiona jina hilo usidhani ni nyingine. Ibrahim pia alikirudia kibao hicho miaka ya baadaye na vikundi vingine, kikiwemo kile kilichoitwa Mannenberg Revisited kwenye albamu yake ya 1985. Ni kizuri, lakini siyo hiki. Tazama urefu kabla ya kupakua: kikiwa chini ya dakika 13, kimekatwa au ni kingine.